Kamanthe Wawili, Bahasha Moja

S.L.P. 61,
Masii.
24 Januari 1999

Wajina wangu Dorcas,

Pokea salamu za boma zima, na kama kuna mtu aliyesahau kukusalimia, mimi nimekusalimia kwa niaba yake. Susu ni mzima. Goti la kushoto linamsumbua asubuhi na la kulia jioni, naye anashukuru kwamba hayamshiki kwa wakati mmoja. Baba yako, tangu uondoke, anavaa lile koti lake la harusi hata akienda kununua kiberiti. Mwaitu, kwa kuwa mama ni mama, anauliza kama huko Kampala mtu anaweza kupata mahindi ya kukobolewa ya kupika muthokoi. Nilimwambia watu wa huko wanakula ndizi za kupikwa asubuhi hadi jioni, akashika tama, kana kwamba nimemwambia umelazwa hospitali.

Mimi nipo. Bado niko katika duka la vifaa vya ujenzi la Macharia, naandika ni mabati mangapi yameingia na mangapi yametoka. Macharia anasema mimi ndiye karani bora aliyewahi kuwa naye. Kabla yangu alikuwa na mmoja tu, na huyo alikuwa mlevi.

Posta wameleta karani mpya, kijana anaitwa Antony. Nilipompa bahasha hii, ikiwa bado tupu, anibandikie stampu, aliitazama mbele na nyuma, akasema, "Madam, umeandika jina moja pande zote mbili. Wewe unajitumia barua?" Ikabidi nimweleze kwamba baba zetu ni ndugu, kila mmoja akampa binti yake wa kwanza jina la mama yao, yaani susu, kama Wakamba tunavyofanya, halafu shuleni tukaandikwa sote kwa jina la babu. Kwa hiyo tuko Kamanthe Muindi wawili, tumepishana miezi minne, na sanduku letu la posta ni hilo hilo moja. Alicheka sana. Mimi sikucheka sana.

Sikucheka kwa sababu ya jambo lililonipata sokoni siku hiyo hiyo. Nilikuwa nanunua ndengu kwa Mbula. Aliponiona alinishika mikono yote miwili. "Kamanthe! Si walisema ulienda kazi ya benki Uganda? Umerudi lini?" Akaniongezea konzi mbili za ndengu juu ya kipimo. Nikamwambia aliyeenda si mimi. "Aa," akasema, "kumbe ni ule mwingine." Akaingiza mkono kwenye mfuko wangu, mbele ya watu, akatoa zile konzi mbili.

Basi nitakuambia ukweli, kwa kuwa uko mbali na huwezi kunipiga. Ninakuonea wivu. Mimi ndiye niliyeliona lile tangazo la kazi kwenye gazeti lililofungiwa misumari. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuomba kazi, nawe ukainakili ukiwa umekaa kitandani kwangu, ukabadilisha miaka na vyeti tu. Mimi pia ndiye niliyesema tuzitie zote mbili katika bahasha moja tuokoe stampu. Likarudi jibu moja, lenye jina letu, baba yako akalitoa kwenye sanduku kwa ufunguo wake na kukupa wewe. Nilisema ni bahati yako, na nilikusaidia kupasi nguo. Bado nasema ni bahati yako. Ila nikisema hivyo meno yananiuma.

Andika upesi. Nataka kujua kila kitu, hata kile kitakachoniudhi.

Wako katika damu na katika jina,
Rhoda Kamanthe


Kampala,
15 Februari 1999

Dada yangu Rhoda,

Barua yako imenikuta salama, isipokuwa mafua kidogo kwa sababu ya mvua. Huku mvua haijui msimu. Inanyesha, inaacha, jua linawaka, watu wanaendelea na safari zao bila kushangaa. Ningeweza kuituma Masii ningeituma kwa gunia.

Nimepanga chumba Ntinda kwa mama mmoja mjane. Ofisi iko ghorofa ya tatu. Kampuni hii ya mikopo, Katonga, si kubwa kama ulivyofikiri. Tuko kumi na wanne. Mimi ni afisa mikopo, na kazi yangu kubwa iko nje, kwa vikundi vya akina mama wa sokoni wanaodhaminiana. Wiki ya kwanza mama mmoja mwenye umri kama wa mwaitu alipiga magoti kunisalimia, maana ndivyo Waganda wanavyosalimia kwa heshima. Mimi nikaona aibu, nikapiga magoti pia. Yeye akaona mgeni wake yuko chini, hawezi kuinuka kabla yake. Tukakaa hapo chini tukisalimiana mpaka meneja wetu, Bwana Ssemakula, akaja kutuinua. Sasa ofisi nzima inanitania.

Hapa wananiita Kamanthe. Dorcas wako watatu, kwa hiyo nilichagua hilo. Nikiitwa, ni mimi peke yangu ninayegeuka. Huwezi kujua raha yake mpaka uisikie.

Usiniambie mambo ya wivu, dada. Kazi ni kazi tu. Miguu inauma, na chakula chao cha karanga bado tumbo langu halijakikubali. Msalimie susu, umwambie muthokoi hakuna.

Mdogo wako kwa miezi minne,
Dorcas


Masii,
21 Machi 1999

Wajina,

Susu anasema kama umeanza kupiga magoti kwa watu basi Uganda imekufunza adabu tuliyoshindwa kukufunza hapa. Hao wengine wote wazima. Ng'ombe wenu amezaa ndama jike, na baba yako amempa jina la Kampala. Kila asubuhi nasikia, "Kampala, toka hapo! Kampala, unakanyaga maharagwe!" Hivyo ndivyo ninavyoamka.

Umesema nisikuambie mambo ya wivu. Sawa. Sitakuambia kwamba kanisani waliombea "binti yetu Kamanthe aliye ugenini" na watu wakageuka kunitazama nikiwa nimekaa mstari wa tatu. Sitakuambia kwamba mwanamume mmoja kutoka Mwala, mwalimu, mtu wa heshima, alimtuma shangazi yake aje kuulizia Kamanthe, na susu alipomwambia niko dukani kwa Macharia, shangazi akasema anayeulizwa ni yule wa Uganda. Alikuwa ameshakunywa chai yetu. Hayo yote nayanyamazia.

Ila kuna moja. Juzi nilikwenda Machakos mjini kuulizia matokeo ya mtihani wangu wa mwisho, nikakutana na Mwalimu Mburu, aliyetufundisha uhasibu madarasa ya jioni. Alisimama kama aliyeona mzimu. "Wewe! Kwani bado uko hapa? Na vile nilikuandikia barua nzuri!" Nikamuuliza barua gani. Akasema mwezi wa Desemba kampuni moja ya Kampala ilimwandikia kumuuliza habari za Kamanthe Muindi, yule karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Akawajibu kwamba nilipita sehemu ya pili ya mitihani mara ya kwanza, kwamba ni mwaminifu, wakinikosa watajuta.

Dorcas, kati yetu wawili, karani wa duka la vifaa vya ujenzi ni nani?

Nakuuliza kwa upole. Nimeiandika sentensi hiyo mara tano na hii ndiyo ya upole kuliko zote. Siku ya usaili, ulipokaa mbele ya wale watu wa Katonga hotelini Nairobi, walikuwa wameshika karatasi za nani?

Rhoda


Kampala,
2 Mei 1999

Mpendwa Rhoda,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na wakaguzi, halafu nikaugua malaria, halafu wakaguzi tena. Sasa ni mzima, ila nimekonda hata mama mwenye nyumba ananifunga chakula cha kwenda nacho kazini.

Nimefurahi kusikia habari za ndama. Kwa mkono wa Nyakio, Mkenya mwenzetu anayekuja likizo nyumbani kwao Thika, nimemtumia susu gomesi. Ni vazi la akina mama wa huku, refu, lenye mabega yaliyochongoka na mkanda mpana kiunoni. Mwambie mkanda unafungwa chini kidogo, si kifuani. Mwaitu wako nimempelekea leso mbili. Wewe nimekununulia kalamu ya wino, ile ya kujaza, kwa sababu unaandika vizuri kuliko sisi sote.

Kampuni inafikiria kufungua tawi Jinja, huko Mto Nile unakoanzia. Nilipelekwa kuangalia jengo. Mji ni mtulivu, barabara pana, miti mingi. Nilipouona nilikufikiria wewe.

Kuhusu Mwalimu Mburu, msalimie sana. Ni mtu mzuri. Nadhani ana wanafunzi wengi mno kukumbuka kila mmoja.

Mvua inanyesha tena.

Dorcas


Masii,
23 Mei 1999

Dorcas,

Susu amevaa gomesi. Amelivaa sokoni, kanisani na shambani. Analala nalo karibu. Asante kwa niaba yake.

Kalamu nimeipokea. Barua hii naiandika kwa biki ya Macharia.

Nilikuuliza kitu kimoja ukanijibu vitu kumi vingine. Unaniambia habari za mabega ya nguo. Unaniambia uliuona mji mzuri ukanifikiria, kama mtu anayekula nyama na kumwambia mwenye njaa jinsi ilivyo laini. Mwalimu Mburu hakumbuki wanafunzi wake? Huyo mtu anakumbuka hata rangi ya sweta uliyovaa siku ulipoanguka mtihani wa karatasi ya gharama. Ndiyo, nimeandika ulipoanguka. Uliirudia mara tatu na mimi ndiye niliyekaa nawe Jumamosi zote nikikufundisha.

Nilimwendea baba yako. Nikamuuliza kama ile barua ya kuitwa Nairobi ilikuwa na jina la ubatizo. Akasema, "Ilikuwa imeandikwa Miss Kamanthe Muindi. Mimi niko na Kamanthe mmoja kwa nyumba yangu, nikampea." Hakufanya kosa. Angempa nani? Lakini wewe ulikwenda ukakaa mbele ya watu wale, na mtu akikuuliza habari za kazi yako ya mabati na misumari wakati hujawahi kuuza hata msumari mmoja, unajua kwamba umekalia kiti kisicho chako.

Sili vizuri. Nikisikia jina langu likiitwa, nageuka, halafu nakuta wanazungumza juu yako. Miaka ishirini na sita nimekuwa na jina hili na sasa nalisikia kama nguo ya kuazima. Ninakuchukia kwa siku nzima, halafu naota tuko shule ya msingi tunakula sukari guru kichakani, naamka nimekasirika zaidi.

Jibu swali.

Rhoda


Masii,
18 Julai 1999

Mpendwa dada,

Karibu miezi miwili sasa bila neno lako. Natumaini ni wakaguzi tu na si malaria.

Sisi tumevuna kidogo. Mbaazi zimekubali, mahindi yamekataa. Susu amekuwa mtu wa kuonyeshwa kwa wageni kwa sababu ya gomesi. Mwaitu anakusalimia. Mimi nimetulia. Yale niliyoandika mwezi wa Mei yachukue kama maneno ya mtu mwenye homa. Nilikuwa na haraka ya kujua, sasa sina.

Kazi iendelee vizuri. Leo naandika barua mbili, hii yako na nyingine ya kiofisi, kwa hiyo niwie radhi kwa ufupi. Kwa ile nyingine nimejaza wino kwenye ile kalamu yako. Ni kweli, inaandika vizuri sana.

Msalimie Bwana Ssemakula, kama mnasalimiana.

Dadako,
Rhoda


Kampala,
15 Agosti 1999

Rhoda,

Hamjambo wote. Mimi sijambo. Leo sina habari za mvua.

Barua yako ilifika kwa Bwana Ssemakula tarehe 3. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaiweka mbele yangu. Niliutambua mwandiko kabla ya kusoma neno. Nimeusoma mwandiko huo tangu darasa la kwanza, nikiunakili.

Nitakujibu swali lako sasa, ingawa umeshalipeleka kwa mwingine.

Siku ile ya Nairobi walikuwa na karatasi zangu na zako, mafaili mawili mezani, kwa sababu zilifika katika bahasha moja. Bwana Ssemakula aliniuliza, "Wewe ni yupi?" Nikasema Dorcas. Akatazama lile faili la juu, akasema barua yao ya mwaliko ilikuwa ya Rhoda. Akaniuliza yuko wapi. Nikasema, "Hakuweza kuja."

Maneno mawili tu. Ningesema, "Hajui, nipeni siku moja nimlete," wangenipa. Masii si mbali. Nilikuwa na nauli mfukoni. Lakini nilisema hakuweza kuja, wakatazamana, wakafunga faili lako na kufungua langu. Walinihoji kama mimi, kwa vyeti vyangu, na nikajibu vizuri. Hilo nakuapia. Sikuiba jina lako. Nilikufungia mlango tu.

Unataka kujua sababu. Kumbuka darasani. Mwalimu akiita "Kamanthe" tunasimama sote, naye anasema, "Si wewe, yule mwerevu." Niliketi chini miaka minane, Rhoda. Nyumbani susu akitaka kusomewa barua alisema aitwe Kamanthe, nikija anasema alimtaka yule mwingine. Wewe umeionja hiyo "yule mwingine" tangu Januari hii na tayari huli. Mimi nilikula nayo tangu nikiwa na miaka saba. Siku ile hotelini, kwa mara ya kwanza, nilikuwa peke yangu chumbani na jina hili. Nilishindwa kulitoa.

Tangu wiki ya kwanza jambo hilo lilinisumbua. Tawi la Jinja lilipopitishwa nilimwendea Bwana Ssemakula, nikamwambia yule dada yangu sasa anaweza kuja, na kwamba ananizidi mimi. Akalitoa faili lako. Akaisoma tena barua ya Mwalimu Mburu. Mwezi wa Julai alikubali uwe mhasibu wa tawi, cheo kilicho juu ya changu. Nilinyamaza miezi hiyo miwili kwa sababu nilitaka barua ya kazi ikufikie kwanza, halafu ndipo nikiri. Niliona aibu yangu ingepita kwa urahisi ukiwa na furaha. Barua ilikuwa kwa mpiga chapa, ikisubiri sahihi, siku ile yako ilipofika.

Kama ungeandika ukweli tu, nadhani ungeipata hata hivyo, na mimi ningefukuzwa, na ingekuwa haki. Lakini uliandika kwamba cheti changu ni cha kughushi. Rhoda, ulikuwapo siku nilipopewa. Ulipika pilau. Wakapiga simu Nairobi kuuliza waliokitoa, wakajibiwa siku hiyo hiyo kwamba ni halali. Bwana Ssemakula akasema, "Mmoja wenu anaficha na mwingine anasingizia. Sisi tunaishi kwa kuaminiwa na watu." Alichukua ile barua ya Jinja, akaichana katikati, taratibu, bila hasira. Hiyo ndiyo iliyoniumiza, kwamba hakuwa na hasira.

Sikufukuzwa. Nimepewa onyo la maandishi na nimeondolewa kwa wale akina mama wa sokoni. Sasa nakaa chumba cha nyuma na mafaili. Na amenipa adhabu nyingine: ameniagiza niandike mimi mwenyewe jibu la kukukatalia, kwa Kiingereza cha ofisi, niweke sahihi kwa niaba yake. Litakufikia pamoja na hii au siku mbili baadaye. Nililiandika mara sita. Halina salamu kwa sababu barua za namna hiyo hazina salamu.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini usiseme tena kwamba cheti changu si changu. Hicho nilikipata kwa jasho, na kwa Jumamosi zako.

Dorcas


Masii,
5 Septemba 1999

Dorcas,

Sote tuko hai.

Ile ya ofisi ilitangulia. Yako ya mkono ilifika siku tatu baadaye. Laiti zingefika pamoja, au yako ingetangulia, nisingekuwa na haya ya kukuandikia.

Baba yako aliitoa hiyo ya ofisi kwenye sanduku Jumatano. Aliona muhuri wa kampuni, bahasha ndefu ya kahawia, Miss Kamanthe Muindi, na kule Kampala yuko Kamanthe mwingine asiyehitaji kuandikiwa huku. Akaelewa kwamba safari hii ni ya kwangu. Hakuifungua. Aliileta mbio mpaka jikoni kwa susu, koti likipepea, akaniwekea mkononi, akasema, "Mungu hasahau mtu." Halafu akaondoka kwenda kumwambia pasta. Nilibaki na susu, mwaitu, na Mbula wa ndengu aliyekuwa amekuja kuomba moto.

Nikaifungua, nikaisoma kwa macho. Sentensi tatu. Wanasikitika. Hawataweza. Wananitakia kila la heri. Chini, sahihi ya K. Muindi.

Susu alikuwa amekaa na gomesi lake, mkanda kifuani kama kawaida. Akasema, "Soma kwa sauti, Kamanthe." Hakusema yupi. Alinitazama mimi. Mbula alikuwa amesimama na kipande cha mkaa kwenye kigae, mdomo wazi. Nikaona nikisema "wanasikitika", Mbula atalifikisha sokoni kabla mkaa haujazima, na nitakuwa yule mwingine mpaka siku nitakayozikwa. Nikafungua kinywa nikasoma, "Tunafurahi kukujulisha." Nikasoma yote. Nikawapa mpaka tarehe ya kuanza. Nilikuwa nasoma kazi niliyoitamani, na iliteleza vizuri mno, hata mwaitu akalia.

Sasa nimekwama. Jumapili ya tarehe 26 kuna maombi ya kuniaga, pasta ametangaza. Mwaitu amenunua sanduku jekundu. Yule mwalimu wa Mwala amemtuma shangazi yake tena, na safari hii anayeulizwa ni mimi. Jana Macharia alinipongeza mbele ya wateja, akanikabidhi msichana anayeitwa Tracy ili nimwonyeshe kazi. Nimemwonyesha. Anashika haraka. Kazi ya duka nimeipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, kama nilivyoipoteza ya Jinja kwa mkono wangu mwenyewe.

Kuhusu cheti chako nilisema uongo, na nilijua ni uongo wino ukiwa bado mbichi. Nimemwandikia Bwana Ssemakula kurasa mbili kukiri hilo. Simwombi kazi. Namwomba akurudishe kwa wale akina mama.

Yale ya darasani nilikuwa nayajua, Dorcas. Usifikiri sikuyajua. Mwalimu aliposema "yule mwerevu" nilikuwa nikibaki nimesimama kidogo kuliko ilivyotakiwa, ili nikuone ukiketi. Na kuna jambo jingine, nalo ni baya zaidi. Niliposoma katika barua yako kwamba hukufukuzwa, nilisikitika. Ilichukua muda kabla sijafurahi. Nilijikuta nimekaa kitandani nikisubiri kufurahi.

Nilikuwa nimeapa sitakuomba kitu maisha yangu yote. Sasa naomba mahali pa kulala. Jumatatu tarehe 27 nitapanda basi la Kampala kutoka Nairobi, na nitashuka Jumanne asubuhi. Nitatafuta kazi yoyote ya vitabu, hata kwa muuza samaki. Nitakapoipata ndipo nitamwandikia susu ukweli. Huko niite Rhoda. Kama mama mwenye nyumba atakataa, niandikie, ingawa najua jibu huenda lisinikute.

Ninaogopa, dada. Siiogopi Kampala, wala njaa, wala kupotea njia. Nikikuta umekasirika nitajua la kufanya, nimelizoea. Ninachoogopa ni kwamba utakuja kituoni, utaushika mzigo wangu, na utakuwa mwema kwangu, nami nitalazimika kukushukuru.

Rhoda